UZI: Kumfuatilia babu wa babu kwa vitabu vya kanisa na makaburi ya zamani (Kilimanjaro na kwingineko)

Kihamba_cha_Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Mtu akiuliza aanzie wapi kumtafuta baba wa babu yake, jibu la haraka ni "nenda kanisani". Anakwenda, karani anafungua kitabu, jina halionekani, safari inaishia hapo. Mara nyingi huyo mzee yumo. Ametafutwa tu kwenye parokia isiyo yake, kwa jina lisilo la kitabuni, katika mwaka usio wenyewe. Uzi huu ni wa kuziba hayo matundu matatu. Naandika kwa mfano wa Kilimanjaro kwa sababu vitabu vya huko ndivyo ninavyovifahamu. Wa maeneo mengine mjazie.

Anza na makaratasi yaliyo nyumbani. Cheti cha ubatizo cha Kikatoliki kina herufi L.B. na namba. Hiyo ni namba ya mtu kwenye Liber Baptizatorum, kitabu cha ubatizo. L.C. ni ya kipaimara, L.M. ni ya ndoa. Ukiwa na namba ya L.B. na jina la parokia, kazi ya karani ni kufungua ukurasa tu. Mzee mwenyewe hana cheti? Chukua cha mtoto wake yeyote, hata wa shangazi aliyekwisha fariki, maana kinataja wazazi. Cheti cha ndoa ni bora zaidi, kwa sababu mara nyingi kinaonyesha bwana na bibi walibatizwa wapi. Pekua na vitabu vya sala vya zamani, wazee wengi waliandika tarehe za watoto ndani ya jalada.

Linalofuata ndilo linalowaangusha wengi: parokia ya mwaka ule siyo parokia ya leo. Kilema ilianza 1890, Kibosho 1893. Misheni hizo zilihudumia vijiji ambavyo leo vimegawanyika katika parokia nyingi. Kigango kikipandishwa kuwa parokia kinafungua vitabu vyake kuanzia namba 1, na vitabu vya nyuma vinabaki parokia mama. Kwa hiyo usiulize "kwetu ni parokia gani". Uliza "mwaka 1915 padre aliyekuwa anapanda kwetu alitoka wapi". Jibu hupatikana kwenye vijitabu vya jubilei, vile vinavyochapwa parokia ikitimiza miaka 50 au 75. Kurasa za mwanzo kabisa husema imezaliwa na nani na lini. Kisome hicho kabla ya kugonga mlango wa ofisi yoyote.

Ofisini usiende Jumamosi, Jumapili, wala majuma ya mwisho ya Kwaresima. Katikati ya juma asubuhi ndio wakati. Beba kitambulisho, barua ya utambulisho kutoka jumuiya au parokia unayosali, na karatasi moja iliyoandikwa vizuri: majina yote ya anayetafutwa, ya baba na mama yake, kijiji na kitongoji, na kipindi cha miaka. Nasema kipindi, siyo mwaka. Ukisema "1912" karani atafungua 1912 tu. Ukisema "kati ya 1905 na 1920" mtatafuta wote.

Halafu fahirisi. Vitabu vingi vya zamani vina orodha ya majina mwishoni, na imepangwa kwa jina la ubatizo. Ukoo haumo kabisa kwenye mpangilio. Ukitafuta Massawe kwenye M hutampata mtu. Mtafute kwenye A ya Aloysius, kisha linganisha jina la baba.

Ukiruhusiwa kupiga picha, zima mwanga wa kamera, piga kwanza jalada, kisha ukurasa mzima wenye namba yake, kisha ingizo lenyewe kwa karibu. Usikandamize kitabu kilale bapa. Uzi wa mshono wa vitabu hivyo umeshachoka, ukikatika kurasa zinaanza kutoka moja moja.

---

mjukuu_mgeni

Mkuu asante sana. Swali: vitabu vyenyewe si vimeandikwa Kilatini? Tusiojua tunafanyaje?

---

Kalamu_ya_Wino

Ndugu mgeni, hicho Kilatini ni cha maneno yasiyozidi thelathini na yanajirudia kila ingizo. Mfano wa ingizo la mtu mzima (majina nimeweka N.):

*Die 12 8bris 1911 baptizavi Aloysium, annos circiter 20 natum, filium N. et N., paganorum. Patrinus fuit N., catechista.*

Yaani: tarehe 12 Oktoba 1911 nimembatiza Aloisi, mwenye miaka kama 20, mwana wa fulani na fulani, wasiobatizwa. Msimamizi alikuwa fulani, katekista.

Tazameni mitego iliyomo humo. *8bris* siyo mwezi wa nane. 7bris ni Septemba, 8bris Oktoba, 9bris Novemba, Xbris Desemba, hesabu ya Warumi wa kale. Watu wamehamisha ubatizo wa mababu zao kwa miezi miwili kwa kosa hili. *Aloysium* siyo jina lake, ni Aloysius aliyebadilishwa mwisho kwa sababu ya sarufi. Vivyo hivyo Joannem ni Joannes, Yohane wetu. Mariam ni Maria. *Circiter*, mara nyingine *circa*, maana yake padre alimkadiria kwa macho. Usichukue 1911 ukatoa 20 ukachonga 1891 kwenye jiwe kama vile ni tarehe ya hospitali. Andika "kama 1891".

Maneno mengine ya kuyajua: *natus/nata* (amezaliwa), *infans* (mtoto mchanga), *legitimus* (wa ndoa), *illegitimus* au *pater ignotus* (wa nje ya ndoa, baba hakutajwa), *matrina* (msimamizi wa kike), *in periculo mortis* (katika hatari ya kufa), *obiit* (alifariki), *sepultus* (alizikwa).

Hilo la hatari ya kufa lina jambo lake. Katekista au mwuguzi alimwagia mgonjwa maji kijijini, mgonjwa akapona, baadaye akaletwa misheni kukamilishiwa sherehe zilizobaki. Utakuta *suppletae caeremoniae*. Mtu huyo anaweza kuonekana mara mbili katika kitabu kimoja, kwa tarehe mbili, na pengine majina mawili tofauti kidogo. Wengi hudhani ni ndugu wawili.

Na sasa pambizo, ndugu zangu. Ukinakili ingizo ukaacha pambizo umeacha nusu ya habari. Tangu agizo la Ne Temere lianze kutumika Pasaka ya 1908, padre anayefungisha ndoa anatakiwa kutuma taarifa kwenye parokia ya ubatizo, nayo iandikwe pembeni ya jina la mhusika. Ndiyo maana kando ya Aloisi wa juu unaweza kukuta: *Matr. cum Maria N. die 3 Febr. 1915 in Kilema, L.M. 212.* Mstari huo mmoja umekupa mke, tarehe, parokia na namba ya kitabu cha pili. Kipaimara huandikwa hapohapo, na upadre au nadhiri za watawa pia. Pambizo tupu si ushahidi kwamba hakuoa. Huenda alioa kabla ya 1908, au taarifa haikufika, au alioa kimila.

---

Kihamba_cha_Juu

Umemaliza mkuu. Nijazie moja: kama kitabu cha parokia kimeungua au kimeliwa na mchwa, msikate tamaa siku hiyohiyo. Sheria ya Kanisa iliyoanza kutumika 1918 ilimtaka kila paroko apeleke nakala ya vitabu vyake kwa askofu kila mwisho wa mwaka, isipokuwa ule wa Status Animarum. Sheria mpya ya 1983 haina sharti hilo. Utekelezaji misheni ulikuwa wa kulegalega, lakini kuulizia kwenye ofisi ya jimbo ni jambo la barua moja.

Na hiyo Status Animarum, "hali ya roho", msiidharau. Ni kitabu au kadi za familia: baba, mama, watoto wote, nani amebatizwa, nani bado, wanaishi wapi. Ubatizo unakupa mtu mmoja, kadi ya familia inakupa nyumba nzima. Mara nyingi imetupwa kabatini kwa sababu haina kazi ya vyeti, kwa hiyo karani asipoitaja, iulizie kwa jina.

---

Mwana_Machame

Kwa Walutheri mambo ni tofauti, naomba nieleze.

Wamisionari wa Leipzig walifungua Machame 1893, Mamba 1894, Moshi ya Zamani (Kidia) 1896. Vitabu vya mwanzo ni vya Kijerumani: Taufregister ni ubatizo, Trauregister ndoa, Sterberegister vifo, Konfirmation ni kipaimara. Vina safu zilizochorwa, kwa hiyo vinasomeka vizuri kuliko maelezo ya Kilatini, ila mwandiko ndio unaoua. Waliandika Kurrent, mwandiko wa Kijerumani wa zamani, ambamo *e* inafanana na *n*, *u* ina kijimstari kilichopinda juu yake, na *s* ndefu inaonekana kama *f*. Usianze na jina la babu yako. Anza na maneno unayojua lazima yawepo: majina ya miezi, jina la kituo, "getauft", "geboren". Toa herufi moja moja hapo, tengeneza jedwali lako la alfabeti ya mwandishi huyohuyo, ndipo uende kwenye majina ya watu. Kila mchungaji alikuwa na mkono wake, akibadilika mwandishi unaanza jedwali upya.

Tahajia nayo: *sch* ni sh, *dsch* ni j, *tsch* ni ch, *j* ni y. Ndiyo maana Machame imeandikwa Madschame, Moshi ni Moschi, na Yakobo ni Jakobo. Kwenye vitabu vya mapadre Wafaransa utakuta *ou* badala ya u, *tch* badala ya ch, *dj* badala ya j. Kabla hujaondoka nyumbani, andika jina la ukoo kwa namna tatu au nne.

Faida kubwa kwa Walutheri ni kwamba Wachagga wengi walibatizwa kwa majina ya Kichagga, yale ya Nde- na mengineyo, kwa hiyo jina la nyumbani halikupotea. Kwa Wakatoliki jina la nyumbani mara nyingi limo katika safu ya "mwana wa" tu, au halimo.

Kuna pengo. Wamisionari wa Leipzig waliondolewa 1920, walimu na wazee wa Kichagga wakabaki wanaendesha sharika, kisha wakaja Waamerika wa sinodi ya Augustana, halafu Leipzig wakarudi katikati ya miaka ya 1920. Vita ya pili ikawaondoa tena. Katika miaka hiyo lugha ya kitabu inabadilika, safu zinabadilika, mara nyingine kitabu kinaanza upya na namba zinarudi mwanzo. Namba 340 ya kitabu cha kwanza na 340 ya kitabu cha pili ni watu wawili. Daima nakili namba pamoja na kitabu na mwaka.

Jambo la mwisho: nidhamu ya kanisa. Kutengwa na kurudi kundini kuliandikwa, kwa tarehe. Kwa mtafutaji ni hazina, kwa sababu mtu aliyetengwa kwa kuoa mke wa pili sasa unajua alioa lini.

---

mjukuu_mgeni

Je, nikiandikia Ulaya hawawezi kunipa cheti cha babu?

---

Mwana_Machame

Hapana, huko hakuna vyeti. Rejista zilibaki kwenye sharika na parokia. Kilichopelekwa Ulaya ni barua, ripoti na shajara. Hifadhi ya Leipzig iko Halle, kwenye Franckesche Stiftungen. Ya Wamoravian iko Herrnhut, ya Mapadre wa Roho Mtakatifu iko Chevilly-Larue karibu na Paris, ya White Fathers (Wamisionari wa Afrika, shirika la mapadre Wakatoliki) iko Roma. White Fathers waliagizwa kila kituo kiandike shajara ya kila siku, kwa hiyo kwa watu wa Tabora, Ufipa, Bukoba na Mwanza hizo ndizo za kuulizia.

Ukiwaandikia, usiseme "nataka historia ya babu yangu". Sema: "Naomba kujua kama shajara ya kituo fulani, Januari hadi Juni 1913, inataja shule ya kigango fulani na mwalimu wake." Swali jembamba hujibiwa. Picha tafuteni kwenye International Mission Photography Archive, ya chuo kikuu cha USC, Marekani. Zimo za Leipzig na za Wamoravian, bure mtandaoni. Tafuta kwa tahajia ya Kijerumani pia.

---

Fundi_Terazo

Naona makaburi mmeyaacha nyuma, nami nimesubiri.

Jiwe la kaburi ni ushahidi mzuri wa nani kazikwa karibu na nani, ushahidi wa wastani wa tarehe ya kufa, na ushahidi dhaifu wa tarehe ya kuzaliwa. Sababu ni ya kifundi. Kaburi la saruji halijengwi siku ya mazishi. Udongo lazima ushuke kwanza, na familia lazima ipate hela, kwa hiyo hujengwa baada ya mwaka, pengine kumi. Siku ya kujenga ndipo watoto wanakaa wanakumbuka: "Mzee alizaliwa lini?" Ndiyo maana miaka ya kuzaliwa ya wazee inaishia kwenye 0 na 5 kupita kiasi. Angalia pia ukingo wa chini au nyuma ya jiwe. Mafundi hukwaruza tarehe ya kazi yao kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Ukiona "KUF. 1961" mbele na "3/8/74" nyuma, umejua maandishi ni ya miaka 13 baadaye.

Maandishi ya msumari hudumu. Yaliyopakwa rangi juu ya saruji hufutika miaka michache tu, lakini rangi ya mafuta iliilinda saruji chini yake, hivyo herufi hubaki kama kivuli chenye uso laini. Hizo husomwa kwa mwanga wa pembeni. Nenda saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni, jua likiwa chini, au simamisha kioo cha ukutani, kama sentimita 30 kwa 40, kirushe mwanga uteleze juu ya jiwe badala ya kulipiga usoni. Mawingu yakitanda, tumia tochi kutoka ubavuni na funika kwa kitambaa cheusi. Piga picha nne, mwanga ukitoka kila upande mara moja. Herufi isiyoonekana kutoka kushoto huonekana kutoka juu.

Kusafisha: maji matupu na brashi laini, ukianzia chini kwenda juu ili maji machafu yasichore michirizi kwenye saruji kavu. Basi. Usitumie jiki, usitumie stilwuli, usikwangue kuvu kwa kisu, usipake unga wala chaki ili herufi "zitokee". Unga unalisha kuvu, jiki inaacha chumvi ndani ya saruji na uso unaanza kumomonyoka. Jiwe likigongwa kwa kidole likatoa sauti ya utupu, usiliguse kabisa, piga picha uondoke.

Misalaba ya mbao mchwa humaliza mapema. Ya chuma wanaiba watu wa vyuma chakavu. Na kuna adui mwingine asiyetajwa: vigae. Familia inapata uwezo, inavalisha kaburi la bibi vigae vinavyong'aa, na maandishi ya 1950 yanabaki chini ya gundi milele. Kama mnapanga ukarabati, pigeni picha kwanza, halafu mwambieni fundi aandike jiwe jipya kwa kunakili la zamani herufi kwa herufi, makosa na yote.

---

Kihamba_cha_Juu

Fundi heshima yako. Kwa Uchaggani niongeze kwamba wengi hawako kwenye makaburi ya misheni. Wako vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba ya nyumbani. Misheni utakuta mapadre au wachungaji, masista, wanafunzi wa bweni, na watu waliofia hospitali ya misheni. Kihambani alama inaweza kuwa mmea wa masale tu bila jiwe. Masale huwekwa mpakani pia, kwa hiyo usihesabu kila masale kuwa kaburi, uliza mwenye kihamba. Zamani baada ya muda fuvu lilifukuliwa na kuwekwa mahali pake maalumu kihambani, kwa hiyo hata "kaburi" lenyewe linaweza kuwa sehemu mbili. Usichimbe wala usisogeze kitu. GPS ya simu chini ya migomba hukosea mahali kwa mita nyingi, pima kwa futi ya fundi kutoka kona ya nyumba au mti mkubwa, andika na jina la anayeshika kihamba leo.

---

BintiRungwe

Naomba kuuliza wajuzi. Mtu anajulikana kabisa alikuwa Mkristo, mazishi yake yaliongozwa na katekista, watoto wote wamo kitabuni, yeye hayumo. Inawezekanaje?

---

Kalamu_ya_Wino

Dada, hilo ni la kawaida sana kwa wazee wa kiume. Mwenye wake wengi hakubatizwa mpaka abaki na mmoja. Wengi waliwapeleka watoto, wengine na wake, wao wakasubiri mpaka kitandani. Hivyo mtafute kwa kurudi nyuma kutoka siku ya kifo: kitabu cha vifo kwanza, kisha ubatizo wa majuma yaliyotangulia kifo, ukiangalia *in periculo mortis* na jina la katekista kama mbatizaji. Jina la ubatizo huenda hata watoto hawalijui, kwa maana alilibeba siku tatu. Mara nyingi ni Yosefu au Petro. Utamtambua kwa jina lake la nyumbani na kijiji.

Kwa Wakatoliki wa maeneo ya White Fathers kumbukeni pia mafundisho yalikuwa ya miaka minne. Ukiwa na tarehe ya ubatizo ya mtu mzima mwenye afya, anza kumtafuta katika habari za misheni miaka minne nyuma yake.

---

Mngoni_Halisi

Songea tuna shida nyingine. Peramiho ilianza 1898 ikachomwa katika vita ya Maji Maji 1905. Mashariki zaidi Lukuledi, Nyangao na Masasi zilichomwa pia. Kwa ubatizo wa kabla ya hapo msitegemee rejista ya asili. Njia ni ya kurudi nyuma: vitabu vya ndoa na vifo vya baada ya 1906 vinataja watu waliobatizwa kabla ya vita, na ripoti zilizokwisha tumwa Ujerumani kabla ya moto ziko kwa Wabenediktini St. Ottilien. Masasi ni ya UMCA (misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza), hiyo mtaitafuta Oxford, maktaba ya Bodleian.

---

Mpwani_wa_Kisauni

Pwani nako tusisahaulike. Misheni za Bagamoyo (1868), Freretown (Mombasa) na Mbweni (Zanzibar) zilijaa watu waliotolewa utumwani. Hapo rejista inaanza na mtu asiye na wazazi: safu ya baba na mama ni tupu au *ignoti*, lakini mara nyingi kuna kabila au nchi aliyotoka, mwaka alioletwa, na mara nyingine meli iliyomkamata msafirishaji. Usipoteze nguvu kumpandisha juu zaidi ya hapo kwa jina, maana jina ni jipya. Wengi walipewa jina la mfadhili wa Ulaya aliyekuwa anamlipia mtoto, hivyo watoto wawili wenye jina moja la pili si lazima wawe ndugu. Fuata wasimamizi wa ubatizo na mashahidi wa ndoa. Watu waliotoka nchi moja walisimamiana.

Karatasi za CMS, yaani Church Missionary Society ya Waanglikana (Rabai 1846, Freretown 1875), ziko Birmingham, Cadbury Research Library. Za UMCA, mbali na Oxford, sehemu iko Nyaraka za Taifa Zanzibar, Kilimani.

Na kwa kuwa koo za pwani zina pande mbili, Wakristo na Waislamu: mwaka wa Hijria kwenye jiwe zidisha kwa 0.97, ongeza 621.6. Mwaka 1300 unakupa 1882.6, na kweli Muharram ya 1300 iliingia Novemba 1882. Inatosha kukupa mwaka, kosa lake ni mwaka mmoja huku au huku. Pia msiamue dini kwa mwelekeo wa kaburi. Huku kwetu Kibla kiko kaskazini, kwa hiyo kaburi la Mwislamu linalala mashariki na magharibi, sawasawa na makaburi mengi ya Kikristo.

---

Mstaafu_Halmashauri

Makaburi yaliyohamishwa. Barabara ikipita, makaburi huhamishwa chini ya Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969, na huwa kuna tangazo na orodha. Ulizeni ofisi ya ardhi ya halmashauri na ofisi ya kata au kijiji, kwa jina la mradi na mwaka, siyo kwa jina la marehemu. Hata makaburi ya jeshi yamehama: yale ya Vita ya Kwanza yaliyokuwa Ocean Road, Dar es Salaam, yalipelekwa kwenye makaburi ya vita ya sasa mwaka 1968. Na kwa mwenye babu aliyekuwa mbeba mizigo wa Kariakoo (Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo) vita ile: usitarajie kaburi lenye jina. Tume ya Makaburi ya Vita ya Commonwealth yenyewe ilikiri katika ripoti yake ya 2021 kwamba wengi wao hawakupewa kaburi wala jina kwenye mnara. Kwa hao, rejista ya vifo ya kanisani na pambizo la mjane aliyeolewa tena mara nyingi ndiyo mabaki pekee ya maandishi.

---

mjukuu_mgeni

Paroko akikataa nisione kitabu?

---

Kalamu_ya_Wino

Ana haki. Kitabu kina siri za watu walio hai: mtoto wa nje, kuasili, ndoa iliyobatilishwa. Na tangu 2023 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi. Usigombane. Omba karani akunakilie ingizo la mtu mmoja, kwa maneno yaleyale ya kitabuni na pambizo lake, kisha paroko atie sahihi na muhuri. Ukikuta *illegitimus* kwa mtu ambaye watoto wake wapo, hiyo hairushwi kwenye grupu la ukoo la WhatsApp. Mwambieni mhusika peke yake, kama atataka.

---

Mstaafu_Halmashauri

Nijibu na wale wa inbox mnaouliza kuhusu RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Cheti cha ubatizo kinakubalika kama kiambatisho kwenye maombi ya cheti cha kuzaliwa ya waliochelewa kusajiliwa. Lakini tazameni kwanza kama kina safu mbili, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya ubatizo. Makarani wa zamani walipokosa ya kuzaliwa walirudia ya ubatizo katika zote mbili, na mtoto anaonekana amezaliwa Jumamosi Kuu akabatizwa siku hiyohiyo. Ukiona hivyo, rudi parokia mama wafungue kitabu chenyewe, wasinakili kutoka cheti cha zamani. Cheti kipya hutolewa na parokia ya ubatizo tu, siyo ile unayosali sasa. Na kama jina la kitabuni ni Aloysius na la kitambulisho ni Luisi, andaa hati ya kiapo ya majina mapema, kabla hujapanga foleni.